Motokari yenye Kiu

Baba wa jamaa alitia esansi Jumatatu, akidhani itamfikisha mwisho wa juma. Leo ni Alhamisi tu, na mshale wa tangi umekwisha kulala chini. Mama amemkumbusha fedha ya shule ya watoto, naye hana la kujibu. Anaupiga usukani kwa kiganja na kusema: «Ni hii gia ya kujibadilisha yenyewe inayotumaliza!»

Jambo hilo tumelishuhudia mara nyingi, na yamkini wasomaji wetu wengine wameliona nyumbani mwao. Basi leo twataka kuisikiliza kesi hii kwa haki. Je, gia ndiyo mwizi, au tunamshitaki asiye na kosa?

Jinsi gia ifanyavyo kazi

Motokari nyingi kuukuu zipitazo katika mitaa ya Goma, Bukavu na Lubumbashi zilitengenezwa Japani, zikatumika miaka mingi, kisha zikavuka bahari hadi Mombasa au Dar es Salaam na kupanda bara. Nyingi hazina kanyagio la klachi: gia hubadilika zenyewe.

Kati ya injini na gia hizo kuna chombo cha mviringo kilichojaa mafuta. Wekeni feni mbili mezani zikitazamana, mkawashe moja tu. Upepo wake utaizungusha ya pili, ila hiyo ya pili haitaifikia mbio ya kwanza. Ndivyo yalivyo mafuta ndani ya chombo kile: injini huyasukuma, nayo huzisukuma gia. Nguvu inayopotea njiani hugeuka joto, na joto hilo mmelilipia kwa esansi.

Kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza gia za kujibadilisha katika motokari za Oldsmobile mwaka 1939. Zamani hizo esansi ilikuwa rahisi kwao, wala hasara ndogo haikumsumbua mtu. Lakini vita ya Mashariki ya Kati ya mwaka 1973 ilileta upungufu, na kwa miezi michache bei ya mafuta ikapanda karibu mara nne. Hapo wenye viwanda walilazimika kufikiri. Kampuni ya Chrysler ilitia klachi ndogo ndani ya chombo kile kwa motokari zake za mwaka 1978. Motokari ikishika mwendo, klachi hufunga, mafuta hayatelezi tena, na hasara hiyo hukoma. Katika motokari nyingi iliongezwa pia gia ya nne ya mwendo mrefu, iiachayo injini izunguke polepole.

Kwa hiyo motokari kuukuu yenye gia hizi si lazima iwe mlafi. Ikiwa gia ya nne inaingia na klachi ile inafunga, tofauti yake na motokari ya gia za mkono hupungua sana katika safari. Shida ni kwamba mara nyingi mambo hayo mawili yamezuiwa, na mwenye motokari hana habari.

Wezi wanaojificha

Mwizi wa kwanza ni kitufe kidogo. Kando ya mkono wa gia, katika motokari nyingi za Toyota, kuna kitufe cha kuzuia gia ya nne. Kikibonyezwa, taa yenye maandishi «O/D OFF» huwaka mbele ya dereva. Mtoto amekigusa akicheza, na baba anatembea miezi mizima bila gia ya nne! Tazameni taa hiyo leo. Ikiwa inawaka, bonyezeni tena izimike. Ikiwa inawaka na kuzimika mfululizo, mara nyingi ni ishara ya ugonjwa wa gia, na yafaa kumwona fundi.

Mwizi wa pili aliletwa na fundi mwenyewe. Injini ina kizibo kiitwacho termostati, kinachoyazuia maji yasizunguke hadi injini ipate moto. Mafundi wengine hukitoa na kukitupa, wakisema: «Nchi yetu ni ya joto, hakifai kitu.» Kumbe injini isiyopata moto hudai esansi zaidi. Tena katika motokari nyingi, gia ya nne na klachi ile hukataa kufanya kazi maadamu injini ni baridi. Hivyo kwa kutupa kitu cha bei ndogo, hasara huingia mara mbili. Ikiwa mshale wa joto haufiki mahali pake hata baada ya mwendo mrefu, mwulizeni fundi: «Termostati iko wapi?»

Mwizi wa tatu huacha alama. Pitisheni kidole ndani ya bomba la moshi wakati limepoa. Masizi meusi mengi yaonyesha kwamba esansi haiungui yote. Pengine buji zimechakaa, au imekufa ile sensa ya oksijeni ipimayo moshi na kuijulisha injini kipimo cha esansi.

Wa nne ni magurudumu. Mpira usio na upepo wa kutosha huwa mzito kuuzungusha, nao huchakaa upesi. Pimeni asubuhi kabla ya safari, mkifuata namba zilizoandikwa karibu na mlango wa dereva. Tena breki inayobana daima huila esansi na kujila yenyewe: gurudumu moja likiwa moto kuliko mengine baada ya safari, msilipuuze.

Mwisho, yaangalieni mafuta ya gia. Yakiwa meusi na yananuka kama kitu kilichoungua, yataka kubadilishwa kwa aina ile tu iliyotajwa katika kitabu cha motokari.

Mguu wa dereva

Motokari ikiwa nzima, bado uko mguu. Dereva akanyagaye hadi chini huilazimisha gia kurudi nyuma na injini kupiga kelele. Afadhali kukanyaga kwa kiasi, kisha kuuinua mguu kidogo mwendo ukifika, ili gia ya juu iingie. Aonaye watu wakivuka mbele na auinue mguu mapema, badala ya kuikimbilia breki.

Hali kadhalika mbio. Upinzani wa hewa hukua upesi kuliko mwendo wenyewe: mtu aendaye kilometa 100 kwa saa hupingwa na hewa mara moja na nusu, na zaidi, kuliko aendaye 80. Nayo motokari inayonguruma pale pale ikimngoja mtu huweza kunywa karibu lita moja kwa saa, wala haijasogea hata hatua.

Hila ya mteremko

Hapa twaomba mtusikilize kwa makini. Wapo madereva ambao, wakiteremka mlima kama wa Ngomo kutoka Bukavu kuelekea Kamanyola, hutia gia katika «N», au hata kuizima injini, wakidhani wanaokoa esansi. Hila hiyo ni mbaya kabisa.

Motokari zenye kupuliziwa esansi kwa amri ya umeme hukata esansi zenyewe dereva anapouondoa mguu katika mteremko, maadamu gia imeshika na injini inazunguka kwa kasi ya kutosha. Ukitia «N», injini haisukumwi tena na magurudumu, bali yadai esansi ili isizimike. Faida iko wapi? Na ukiizima, breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache, usukani huwa mzito, na pampu ya mafuta ya gia husimama huku vyuma vikizunguka vikavu. Palipo na mteremko mkali, tieni «2» au «L», injini isaidie kuizuia motokari, breki zisiungue. Hakuna lita ya esansi inayostahili kubadilishwa na roho za watu.

Daftari la mtoto

Mtajuaje kama mmefaulu? Jazeni tangi, andikeni kilometa. Mkirudi kulijaza tena, andikeni lita zilizoingia na kilometa mlizotembea. Lita zizidishwe kwa 100, kisha zigawanywe kwa kilometa. Mkiwa mmetia lita 36 kwa kilometa 300, motokari imekunywa lita 12 kwa kila kilometa 100. Rekebisheni jambo moja, pimeni tena. Ikishuka hadi 10, mmeokoa lita 6 kwa safari ile ile.

Kazi hiyo mpeni mwanafunzi wa nyumbani. Ni hesabu ya kweli, wala si ya ubaoni tu, nayo itampa baba jibu lililo bora kuliko kuupiga usukani. Haba na haba hujaza kibaba. Na mama akiuliza tena fedha ya shule, huenda daftari hilo likamwonyesha ilikojificha.