Mafua ya kuku: hasara haiishii duka la dawa

Ufugaji wa kuku wa mayai nyuma ya nyumba umewavutia wengi wenye mitaji midogo kwa sababu fedha yake huzunguka haraka. Hata hivyo, mradi huo unaweza kugeuka mzigo ndani ya wiki moja, pale kuku wanapoanza kukoroma na kutoa kamasi na mwenye mali akakimbilia kununua dawa bila kujua anatibu nini.

Wataalamu wa mifugo hutaja magonjwa matatu yanayosumbua zaidi. La kwanza ni mafua ya kuku, yanayosababishwa na bakteria. Uso huvimba, macho hufumba, na kamasi hutoka puani zikiwa na harufu mbaya. Huenea banda zima kwa siku chache, lakini kwa kawaida huua kuku wachache. La pili ni ugonjwa sugu wa njia ya hewa, unaoletwa na vimelea vya maikoplazma. Huu huenda polepole, na vimelea vyake hupita kwenye yai hadi kwa kifaranga. La tatu ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Hiki huletwa na virusi. Kuku huhema kwa shida, huharisha kijani, wengine hupinda shingo, na banda lisilochanjwa linaweza kuteketea karibu lote.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua fedha iende wapi. Magonjwa mawili ya kwanza hupata nafuu kwa antibiotiki kama oksitetrasaiklini au tailosini, dozi ikikamilishwa kama ofisa mifugo alivyoelekeza. Kideri hakina tiba. Anayenunua antibiotiki kutibu kideri anapoteza fedha ya dawa na kuku pia.

Hata pale dawa inapofaa, bei ya chupa ni sehemu ndogo tu ya gharama. Chukua mfano wa mfugaji anayeokota mayai 15 kwa siku. Mafua yakishusha utagaji hadi mayai 10 kwa wiki tatu, atakosa mayai 105. Dozi ikiwa ya siku 5, na maelekezo ya dawa yakitaka asubiri siku 7 zaidi kabla ya kuuza, mayai mengine 120 hayatakwenda sokoni. Jumla ni mayai 225, yaani trei saba na nusu.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Wapo wanaouza mayai hayo hayo kufidia hasara, nayo mabaki ya dawa yakafika mezani kwa mlaji. Matumizi holela ya antibiotiki pia huzaa usugu wa vimelea, na dawa iliyosaidia mwaka huu inaweza isisaidie mwaka ujao.

Kwa wachuuzi wa kuku wa kienyeji, hatari iko kwenye tenga. Kuku wanaokusanywa Singida au Dodoma kwenda Dar es Salaam hutoka kaya nyingi na kubanwa pamoja safari nzima. Aidha, kideri kinapoingia kijijini wapo wafugaji wanaouza haraka kabla kuku hawajafa, hivyo bei ya chini isiyo na maelezo ni ishara ya kuuliza maswali. Kuku aliyepona mafua naye anaweza kubaki na vimelea na kuwaambukiza wengine, hata akionekana mzima.

Kinga ndiyo yenye hesabu nzuri. Chanjo ya kideri aina ya I-2, inayozalishwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida. Hutolewa tone moja katika jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chanjo ni kwa kuku wazima. Haimponyi aliyekwisha kuugua.

Kuku wapya watengwe wiki mbili hadi tatu kabla ya kuchanganywa na wa zamani. Banda lipitishe hewa, na matandiko yaliyolowa yaondolewe, kwa kuwa harufu kali ya kinyesi huumiza njia ya hewa na kufungua mlango wa maradhi. Vifo vingi vya ghafla viripotiwe kwa ofisa mifugo wa kata mara moja, na kuku waliobaki wasipelekwe sokoni.