MIONZI YA NYUKLIA: TUOGOPE NINI, TUSIOGOPE NINI?



Mgonjwa akirudi kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, huwa tunasikia maneno: "Huyo kapigwa mionzi, msimkaribie." Hutengewa kikombe chake, na watoto wakakatazwa kukaa kitandani kwake. Je, hofu hiyo ina msingi?

Mionzi hutoka wapi?
Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi, na katikati ya kila atomi kuna kiini. Viini vingi vimetulia. Vichache havikutulia, navyo hutoa mionzi mpaka vitulie. Tabia hiyo huitwa unururifu. Mionzi ya alfa huzuiwa na karatasi, ya beta huzuiwa na bati jembamba, lakini ya gama hupenya mwili, na kuikinga kunahitaji risasi nene au zege.

Nishati ya nyuklia ni nini?
Kiini cha urani-235 kikigongwa na nyutroni hupasuka, kikatoa joto na nyutroni nyingine 2 au 3, nazo zikapasue viini vingine. Mfululizo huo ukidhibitiwa huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha mitambo ya umeme, kama ilivyo Koeberg, Afrika Kusini, tangu 1984. Ndani ya bomu hauzuiwi, na ndio ulioangamiza Hiroshima mwaka 1945.

Mbung'o wa Unguja
Ng'ambo ya bahari yetu, huko Unguja, mbung'o waliwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Baada ya idadi yao kupunguzwa kwa dawa, mbung'o wengine walifugwa Tanga, madume wakapigwa mionzi ya gama wakawa tasa. Kuanzia 1994 walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Akipandwa na dume tasa, hazai. Mbung'o wa mwisho alinaswa 1996, na mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina tena mbung'o.

Madume wale hawakupeleka mionzi Unguja. Gama ni kama mwanga wa taa: taa ikizimwa, chumba hakibaki na mwanga.

Mgonjwa wetu je?
Aliyepigwa mionzi kwa mashine naye ni hivyo hivyo. Akitoka chumbani hana mionzi ya kumwambukiza mtu. Kula naye, mpakate mwanawe karibu naye. Tofauti ni aliyemeza dawa yenye unururifu, kama iodini: huyo hutoa mionzi kwa siku kadhaa, na daktari humweleza akae mbali na watoto na wajawazito. Maelekezo hayo yafuatwe.

La kuogopa ni chanzo chenyewe. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, waokota vyuma chakavu walifungua kifaa cha hospitali chenye sizi-137, na watu 4 wakafa. Hivyo vijana, mkiona chuma chenye alama ya mabawa matatu yaliyozunguka duara, msikiguse wala msikiuze. Ondokeni, mwambieni mwalimu au polisi, ili Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ipewe taarifa.

Basi tujihadhari na chanzo, na tusimtenge mgonjwa.