Amana ya Kijana wa Msumbiji

Katika maabara nyingi duniani, ndani ya vichupa vinavyotunzwa kwenye joto la nyuzi 37, ambalo ndilo joto la mwili wa binadamu, zinaishi na kuzaana chembe zilizotoka katika ini la kijana mmoja wa Msumbiji. Kijana huyo alipatwa na saratani ya ini akiwa na umri wa miaka 24. Wataalamu huziita chembe za Alexander, kwa jina la Jennifer Alexander aliyezikuza Johannesburg pamoja na wenzake na kuzitangaza mwaka 1976. Jina la mwenye ini halitajwi.

Tunaanza na habari hii si kwa nia ya kutonesha vidonda, ingawa mwaka huo Afrika Kusini ilikuwa bado mikononi mwa makaburu. Tunaanza nayo kwa sababu chembe hizo zina fundisho kwa kila nyumba yenye gunia la mahindi.

Kukuza chembe nje ya mwili ni kazi ya subira. Kipande cha uvimbe hukatwakatwa, chembe zikawekwa katika maji yenye sukari, chumvi na virutubisho, aghalabu pamoja na majimaji ya damu ya ndama. Chembe za ini lenye afya hazidumu humo. Baadhi ya zile za saratani huendelea kugawanyika bila kikomo, na kwa hiyo mtaalamu huweza kuujaribu ugonjwa bila kumgusa mgonjwa.

Chembe za kijana huyo zilitoboa siri mbili. Kwanza, zilikuwa zikitoa protini ya ganda la virusi vya homa ya ini aina ya B, kwani jeni za virusi hivyo zilikwisha kujipenyeza ndani ya jeni zake mwenyewe. Pili, jeni iitwayo p53, ambayo ni mlinzi wa chembe, imeharibika mahali penye namba 249. Mwaka 1991 watafiti walieleza kwamba dosari hiyohiyo imo katika saratani nyingi za ini kusini mwa Afrika na huko Qidong, China, ambako chakula huchafuliwa na sumukuvu. Kinyume chake, chembe ziitwazo HepG2, za mtoto wa Argentina wa miaka 15, hazina virusi hivyo wala dosari hiyo.

Alhasili, maadui ni wawili, na wakikutana katika mwili mmoja hatari huzidi maradufu.

Hata hivyo, tusizitukuze chembe hizi kupita kiasi. Ini la mtu lina damu, nyongo na askari wa mwili. Chembe zilizotandazwa chini ya chupa hazina hayo. Dawa nyingi zilizoshinda chupani zilishindwa kitandani. Siku hizi wataalamu hukuza vifundo vidogo vinavyokaribia zaidi umbo la ini, lakini hivyo navyo si mtu.

Kwa hiyo tusikae tukingoja dawa kutoka maabara za mbali, hali kinga tunayo. Chanjo ya homa ya ini B ilianza kutumika duniani miaka ya 1980. Taiwan iliwachanja watoto wake tangu 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua. Tanzania iliiingiza katika chanjo za watoto mwaka 2002. Mzazi asiyempeleka mtoto kliniki anamwachia adui mlango wazi.

Ama sumukuvu, haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 nchini Kenya kwa muda mfupi. Lakini anayeila kidogokidogo huweza kuipata saratani baada ya miaka mingi, bila kujua ilikotoka. Mahindi na karanga vianikwe juu ya turubai, visiguse udongo. Vikauke sawasawa kabla ya kuingia ghalani. Na punje zenye ukungu zitengwe, wala zisiuzwe kwa jirani.

Tunawataka viongozi wa vijiji, mabwana shamba na wauguzi walihubiri jambo hili sasa, kabla ya mavuno. Kijana yule hakuwahi kuipata chanjo, maana ilikuwa haijapatikana. Watoto wetu hawana udhuru huo, wala sisi tulio walezi wao.