Zidisha kwenye Mstari, Gawanya kwenye Pivoti

Masoko ya madini yalianza kufunguliwa nchini Tanzania mwaka 2019, la Geita likiwa miongoni mwa ya kwanza. Karani anayeandika manunuzi ya dhahabu hufunga mwezi akiwa na mistari mingi kwenye Excel: tarehe, machimbo, uzito kwa gramu, usafi kwa asilimia. Jedwali la pivoti la Excel humkusanyia yote kwa mibofyo michache: Nyarugusu peke yake, Mgusu peke yake, Mwakitolyo ya Shinyanga peke yake. Uzito itaujumlisha sawasawa. Usafi ndio unaohitaji macho.

Chukua mizigo miwili. Wa kwanza ni gramu 10 zenye usafi wa asilimia 90, wa pili gramu 100 zenye asilimia 70. Ukiiagiza pivoti itoe wastani wa usafi, itajibu 80. Lakini dhahabu halisi iliyomo ni gramu 9 na gramu 70, jumla 79 kati ya 110, sawa na asilimia 71.8. Anayeamini 80 atajihesabia gramu 88. Gramu 9 hizo za ziada hazipo popote. Zimezaliwa na wastani uliouhesabu mzigo mdogo sawa na mkubwa.

Kwa hiyo ongeza safu kwenye data yenyewe, uzito mara usafi, mstari kwa mstari, uiite Halisi. Kisha ndani ya pivoti unda safu ya ukokotoaji: Halisi gawa kwa Uzito. Pivoti hujumlisha kila safu kwanza, ndipo igawanye, nawe utapata 71.8 yako. Tabia hiyohiyo ni mtego kwa anayezidishia humo ndani: itajumlisha asilimia 90 na 70 ziwe 160, izidishe kwa gramu 110, na kukuletea gramu 176 za dhahabu halisi kutoka mzigo wa gramu 110. Angalau kosa hilo linajitangaza. La wastani naliogopa zaidi, kwa sababu 80 inafanana kabisa na ukweli.

Kosa hilo hufika hadi kwenye fedha. Marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Madini yalipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, na makato hayo huhesabiwa kwenye thamani ghafi. Baada yake huja mgao wa mwenye leseni, mwenye duara (shimo la kuchimbia) na wachimbaji. Kikundi kinachokadiria mgao kwa wastani ule kinawaahidi watu walioshinda shimoni fedha ambazo hazitakuja.

Asilimia za mchango wa kila machimbo kwenye jumla ni rahisi zaidi: bofya kulia kwenye namba, uchague ionyeshwe kama asilimia ya jumla kuu, ya safu au ya mstari. Ila ukichuja machimbo ya Geita pekee, Geita inageuka kuwa 100 na Shinyanga inatoka kwenye hesabu. Ondoa kichujio kabla ya kunakili namba kwenye ripoti, au andika juu ya jedwali ni asilimia ya nini.