Yoku's Island Express

Yoku's Island Express ni mchezo wa video wa safari na uvumbuzi uliotengenezwa na Villa Gorilla, kampuni ndogo ya nchini Uswidi, na kusambazwa na Team17 ya Uingereza. Ulitolewa tarehe 29 Mei 2018 kwa ajili ya kompyuta za Windows na mashine za PlayStation 4, Xbox One na Nintendo Switch. Mchezaji humwongoza Yoku, mbawakawa mdogo wa mavi aliyefungwa kwa uzi kwenye tufe jeupe, ambaye amefika katika kisiwa cha Mokumana ili awe mkuu wa posta.

Kinachoutofautisha mchezo huu na michezo mingine ya safari ni kwamba Yoku hawezi kuruka. Hutembea kushoto na kulia akilisukuma tufe lake, basi. Kila anapotaka kupanda mahali pa juu au kuvuka bonde, lazima tufe lipigwe na vikono vilivyotapakaa kisiwani, sawasawa na vile vya mashine ya pinboli.

Pinboli

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, mashine ya pinboli ni meza iliyofunikwa kwa kioo na kuinuliwa kidogo upande wa nyuma, kwa kawaida nyuzi 6 hadi 7, hivi kwamba gololi ya chuma iliyorushwa juu hurudi chini yenyewe. Gololi hiyo ina kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi. Inaposhuka hugonga vigingi, kengele na vizuizi vyenye mpira, na kila mgongano humpa mchezaji alama. Chini kabisa pana mwanya. Juu ya mwanya huo kuna vikono viwili vinavyoendeshwa kwa vitufe vya pembeni. Mchezaji akibonyeza kwa wakati, gololi hurushwa tena juu. Akichelewa, hutumbukia na kupotea. Gololi zikimalizika, mchezo umekwisha, na anayetaka kuendelea hutia sarafu nyingine.

Vikono havikuwapo tangu mwanzo. Pinboli ilitokana na mchezo wa mezani uliopendwa Ufaransa katika karne ya 18. Mwaka 1871 Montague Redgrave, aliyeishi Cincinnati nchini Marekani, alipata hataza ya meza yenye fimbo ya springi ya kurushia mpira. Mwaka 1931 David Gottlieb wa Chicago alitoa mashine iliyoitwa Baffle Ball, nayo ikaenea haraka katika maduka na vilabu. Katika mashine hizo za awali mchezaji alivuta fimbo, akaiachia, kisha akabaki kutazama. Pengine aliitikisa meza kidogo kwa mkono, jambo lililowafanya watengenezaji wabuni kifaa cha kuusimamisha mchezo inapotikiswa mno.

Kwa kuwa mchezaji hakuwa na la kufanya baada ya kurusha, wakuu wa miji waliihesabu pinboli kuwa kamari. Jiji la New York liliipiga marufuku mwaka 1942 chini ya meya Fiorello La Guardia, na polisi wakazivunja mashine kwa nyundo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1947, kampuni ya Gottlieb ilitoa Humpty Dumpty, iliyobuniwa na Harry Mabs. Ilikuwa na vikono sita vya umeme. Mwaka 1948 Steve Kordek alibuni Triple Action, ambamo vikono viwili tu viliwekwa chini, na mtindo huo ndio uliodumu.

Hata hivyo marufuku ya New York iliendelea hadi 1976. Mwaka huo mwandishi Roger Sharpe aliitwa mbele ya madiwani, akacheza huku wakimtazama, akatangaza kabla ya kurusha ni njia ipi gololi itapita, nayo ikapita njia hiyo. Marufuku ikaondolewa. Kilichobishaniwa pale kinahusu moja kwa moja mchezo wa Yoku. Kama mwendo wa gololi ungekuwa bahati tupu, isingewezekana kujenga juu yake kisiwa kizima na kumwambia mchezaji afike mahali fulani.

Uchezaji

Yoku anapofika ufukweni, mkuu wa posta wa zamani, kiumbe mwenye mabawa wa jamii ya pterodaktili, anamkabidhi kazi na kuondoka. Muda si mrefu Yoku anagundua kwamba Mokuma, mungu wa kisiwa, ameshambuliwa na amelala usingizi mzito, na kwamba kisiwa chote kimo hatarini. Anatumwa kuwakusanya viongozi wa kisiwa. Njiani husambaza barua katika masanduku ya posta, hubeba vifurushi, na huwasaidia wakazi wenye shida zao ndogondogo. Hadithi yenyewe ni nyepesi, na mtu anaweza kuisahau kwa muda mrefu bila kupungukiwa na kitu.

Vikono vya kisiwani vina rangi mbili. Vya buluu huendeshwa kwa kitufe cha kushoto na vya manjano kwa cha kulia. Mpango huu ni muhimu kuliko unavyoonekana. Kwenye meza halisi vikono vya kushoto viko kushoto na vya kulia viko kulia. Kisiwani vinaweza kuwa popote: juu ya mti, chini ya pango, kimoja juu ya kingine. Rangi humwambia mchezaji kwa mtazamo mmoja ni kidole kipi kitakachohitajika.

Ustadi wote umo katika muda wa kubonyeza. Tufe linalobingirika juu ya kikono huanzia kwenye shina, pale kikono kinapofungwa, na huelekea kwenye ncha. Likipigwa likiwa bado karibu na shina, hupanda upande uleule wa kikono. Likiachwa lisogee hadi karibu na ncha, huvuka kwenda upande wa pili. Kwa hiyo anayetaka kulipeleka tufe mbali upande wa kulia kwa kikono cha kushoto sharti avumilie, aliache lishuke hadi nukta ya mwisho, kisha abonyeze. Wanaoanza hubonyeza mapema kwa hofu, na tufe huwarudia palepale mara kumi. Dawa yake ni kukishikilia kitufe ili kikono kibaki kimeinuka, tufe litulie katika pembe yake, ndipo kiachiwe na kulenga kuanze upya. Wachezaji wa mashine za chuma hufanya vivyo hivyo.

Katika safari hizo Yoku hukusanya matunda, ambayo ndiyo fedha ya kisiwa. Hupatikana kwa kugonga vizuizi, kupita njia fulani na kupeleka barua. Matumizi yake makubwa ni kulipia vikono vipya: panapokosekana njia, mchezaji hutoa idadi ya matunda inayotakiwa na kikono hujitokeza. Mkoba una kikomo hadi upanuliwe, kwa hiyo hakuna faida ya kulimbikiza.

Suala la kuanguka

Wabunifu wa mchezo huu walikabiliwa na mgongano wa aina mbili za michezo. Pinboli imejengwa juu ya kupoteza. Gololi lazima itumbukie siku moja, na mashine hupata sarafu kwa sababu inatumbukia. Michezo ya uvumbuzi, kinyume chake, imejengwa juu ya kuweka akiba: njia uliyoifungua hubaki wazi, kifaa ulichokipata hubaki nacho, na ramani huzidi kujaa. Kama kila kosa la kidole lingemrudisha Yoku ufukweni, hakuna ambaye angefika mlimani.

Jibu lao lilikuwa kuipunguza adhabu badala ya kuiondoa. Chini ya vikono, pale ambapo mashine ingekuwa na mwanya, kuna miiba. Yoku akiiangukia hupoteza matunda machache na kurushwa tena juu. Hafi, na hakuna gololi za kuhesabu. Kinachopotea hasa ni muda na nafasi aliyokuwa amekwisha ifikia juu ya meza.

Wapo wanaoona kwamba adhabu hii ni hafifu mno na kwamba pinboli bila hofu ya kupoteza gololi imekosa chumvi. Hoja hiyo ina uzito, hasa baadaye mkoba unapokuwa mkubwa na matunda kumi yasiwe kitu. Lakini anayejaribu kufikia tundu jembamba lililo juu kabisa, akakosa kwa upana wa unywele, akaliona tufe likishuka hatua zote hadi chini, hatasema kwamba hakupoteza chochote.

Pale kisiwa kinapogeuka kuwa meza kamili, yaani chumba kilichozungukwa na kuta chenye malengo kadhaa ya kupiga kabla mlango haujafunguka, mchezo hufanana zaidi na mashine ya zamani. Mapambano na viumbe wakubwa hufanyika hivyohivyo. Adui huwa sehemu ya meza, na Yoku humpiga kwa tufe lake.

Kuchunguza kisiwa

Kisiwa chote ni ramani moja iliyoungana, kuanzia ufukwe na msitu hadi mapango na milima yenye theluji. Mpangilio wake ni wa aina inayoitwa metroidvania, jina lililoundwa kutokana na Metroid ya Nintendo (1986) na mfululizo wa Castlevania wa Konami, hasa Symphony of the Night ya mwaka 1997. Katika michezo ya aina hii mchezaji huona mapema mahali asipoweza kufika, hupata uwezo mpya kwingine, kisha hurudi.

Uwezo wa Yoku hauhusu nguvu za mapigano. Kwanza hupata kipenga cha sherehe, ambacho sauti yake huamsha viumbe waliolala na kufungua vitu vilivyojifunga. Baadaye hupata kifaa cha kuvuta konokono wasio na kombe wanaolipuka. Konokono hunata kwenye tufe, na tufe likigonga mwamba dhaifu, mwamba huvunjika. Kisha hujifunza kuzama majini. Uwezo huu unapogusana na pinboli, meza ileile aliyoipita mwanzoni huwa na malengo mapya. Konokono aliyenata hudai shabaha ya haraka, na mtu anayejua kupiga taratibu tu hulazimika kujifunza upya.

Udhaifu mkubwa wa mchezo uko katika kurudi. Katika michezo mingine ya aina hii, kupita tena njia ya zamani ni kazi ya kuruka mara chache. Yoku lazima apigwe upya na kila kikono, na pigo lililokuwa gumu mara ya kwanza linaweza kuwa gumu mara ya nne. Upo mtandao wa usafiri wa haraka uitwao Beeline, unaomrusha Yoku kutoka kituo hadi kituo, lakini hukamilika polepole, na kabla haujaenea mchezaji aliyesahau kifurushi upande wa pili wa kisiwa atakuwa na safari ndefu. Anayetafuta viumbe vidogo vilivyofichwa vinavyoitwa Wickerling ataihisi kasoro hii kuliko mwingine yeyote.

Uchaguzi wa mbawakawa wa mavi ulitatua tatizo la kwa nini shujaa awe na tufe. Mbawakawa halisi, ambao ni wengi katika mbuga za Afrika, husukuma tonge lao kinyumenyume kwa miguu ya nyuma, kichwa kikiwa chini. Yoku hulisukuma lake akitazama mbele, na mchezo hausemi limetengenezwa kwa nini.

Utengenezaji na mapokezi

Villa Gorilla ilianzishwa na Jens Andersson na Mattias Snygg, ambao awali walifanya kazi Starbreeze, kampuni nyingine ya Uswidi. Huu ulikuwa mchezo wao wa kwanza chini ya jina hilo. Muziki ulitungwa na Jesse Harlin. Mwaka 2019 ulipata tuzo ya BAFTA ya Uingereza kwa mchezo bora wa kwanza wa watengenezaji wake.

Wazo la kuchanganya pinboli na kitu kingine lilikuwapo kabla. Sonic Spinball ya mwaka 1993 ilimgeuza shujaa mwenyewe kuwa gololi, na hata Metroid ilipata pinboli yake mwaka 2005, Metroid Prime Pinball, ingawa hiyo ilikuwa na meza zilizotenganishwa badala ya dunia moja ya kuzunguka. Rollers of the Realm (2014) iliipa kila gololi tabia ya mtu, kama vile shujaa wa vita au mganga. Mwaka mmoja baada ya Yoku ilitoka Creature in the Well, ambamo mchezaji hana vikono vya mezani bali hupiga matufe ya nishati kwa silaha aliyoishika mkononi.