Mfereji au Mlango? Neno Moja katika Elimu ya Moyo

Istilahi ikikosewa, huweza kumpotosha mwanafunzi kabla hajalifikia jambo lenyewe. Tutazame mfano mmoja. Katika utando wa seli za misuli ya moyo mna vipenyo vipitishavyo kloridi, ambayo ni ioni yenye chaji hasi. Wako wapendao kuviita mifereji. Lakini mfereji ni njia iliyochimbwa ili maji yaelekee upande mmoja. Je, ndivyo iendavyo kloridi?

Seli ya ventrikali itulizanapo, umeme wa ndani yake huwa kiasi cha milivolti -90 ukilinganishwa na wa nje. Kiwango ambacho kloridi iingiayo hulingana na itokayo aghalabu huwa baina ya -65 na -40. Basi vipenyo vikifunguka wakati wa utulivu, kloridi hutoka. Na kwa kuwa chaji yake ni hasi, uhasi wa ndani hupungua, na seli hukaribia kusisimka. Lakini seli ikiisha kusisimka, umeme wa ndani hupanda hata kupita sifuri. Hapo kloridi huingia, huihimiza seli irudie utulivu wake, na muda wa msisimko hufupika. Njia ni ile ile, bali mwendo na matokeo vimegeuka. Adhaniaye kwamba kloridi huenda upande mmoja tu, atadhani pia kwamba kazi yake ni kutuliza moyo tu, au kuuchochea tu. Na kote huko atakuwa amekosea.

Tena njia hiyo haiwi wazi daima. Hutter na Noble waliandika juu ya upitaji wa ioni hasi katika misuli ya moyo mwaka 1961. Na mwaka 1989 Harvey na Hume walionyesha, katika seli za moyo wa simbilisi, mkondo wa kloridi uamshwao na dawa itendayo kama adrenalini. Kumbe pana kufungwa na kufunguliwa.

Kwa sababu hizo naona neno lifaalo ni mlango. Huenda mtu akasema kwamba mlango hupitisha kila kitu. Jibu ni kutaja kipitacho: mlango wa kloridi, mlango wa sodiamu. Nao watu wa pwani wanaujua mlango wa bahari, ambamo maji huingia yakijaa na kutoka yakipwa. Hatuna haja ya kuazima neno tulilo nalo nyumbani.