Beni na Butembo: Vitiligo hutibiwa kwa mwanga, lakini barabara ni ndefu

Doa la kwanza huwa dogo: kando ya jicho, pembeni ya mdomo au kwenye vidole. Haliumi. Lakini kwenye ngozi nyeusi linaonekana haraka, na neno la kwanza linaloogopwa katika familia ni ukoma.

Mara nyingi ni vitiligo. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Haiambukizwi kwa kushikana mikono, kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja.

Hata hivyo, kupimwa ni lazima. Doa la ukoma mara nyingi hufa ganzi. La vitiligo huhisi mguso kama kawaida. Ukoma nao unatibika, kwa dawa za bure. Kukisia nyumbani ni kupoteza muda.

Tiba ya mwanga hutumia mionzi ya urujuanimno aina ya B, ya nanomita 311 hivi. Mgonjwa, macho yakiwa yamekingwa, husimama mbele ya taa maalum kwa sekunde au dakika chache. Mwanga hutuliza kinga ya mwili na kuamsha chembe za rangi zilizobaki kwenye mashina ya nywele. Ndiyo maana rangi hurudi kwa vitone vidogo. Uso huitikia vizuri zaidi. Vidole na nyayo hukawia, na huenda visirudi kabisa.

Ugumu uko kwenye hesabu. Tiba hufanywa mara 2 au 3 kwa juma, kwa miezi 6 au zaidi: vipindi 50 hivi kwa uchache. Kutoka Beni hadi Butembo ni zaidi ya kilometa 50, kwa barabara ya taifa namba 2 ambayo usalama wake si wa uhakika. Hata taa ikiwa Butembo, mkaaji wa Beni angesafiri kilometa 5 000 kwenda na kurudi, na nauli juu yake.

Kuanika doa juani hakuchukui nafasi ya taa: ngozi isiyo na rangi huungua upesi, na jeraha linaweza kuzaa doa jipya. Krimu za kotizoni husaidia, hasa doa likiwa changa, lakini kwa maagizo ya daktari. Zikipakwa ovyo hudhoofisha ngozi.

Wakati wa kusubiri, kofia na mikono mirefu hukinga. Na mtoto mwenye madoa anaweza kuketi benchi moja na wenzake, bila hofu yoyote.